Chungu Kisichooshwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, basi lililotoka Dar es Salaam likikaribia Segera konda alipiga bati la ubavuni kwa kiganja na kupaza sauti: "Njia panda! Wa Tanga shukeni, wa Tanga!" Wa Tanga walishuka na mabegi, madumu na kuku wao, wakavuka barabara kungoja gari la kuelekea Hale na Muheza. Wa Korogwe, Lushoto, Same na Moshi walibaki vitini, mikono nje ya madirisha, wakigombania machungwa.

Twende tushuke na wa Tanga. Chini ni udongo mwekundu uliolowa oili ya malori, na maganda ya machungwa yaliyokaukia juani. Machungwa yenyewe yamepangwa mafungu juu ya magunia, mengine ya Muheza, mengine ya Kabuku, na kila muuzaji anaapa kwamba ya mwenzake ni machachu. Kuna mahindi ya kuchoma. Kuna mayai ya kuchemsha na chumvi yake iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Upande wa kaskazini, kama hakuna ukungu, utaiona milima ya Usambara imejipanga, ya buluu, wingu limeikata kiunoni. Upepo ukigeuka kutoka mashambani unakuja na harufu ya mkonge: korona likishakwangua majani na kuacha singa, maji ya kijani hutiririka kwenye mifereji na kuozea humo. Mgeni hufunika pua. Sisi wa pale tuliisikia pale tu ilipokosekana, siku korona liliposimama kwa kukosa vipuri, na wazee wakawa wanakaa barazani bila kujua mikono waiweke wapi.

Nyuma ya vibanda kuna kinjia. Kifuate. Kinapita kando ya mihogo, kinazunguka mwembe ambao chini yake mafundi baiskeli huziba pancha, kisha kinaingia kwenye ua uliozungushiwa milingoti ya mkonge. Hapo harufu ya dizeli inakuacha na nyingine inakupokea, tamu kidogo na kali kidogo, ya nafaka iliyolowekwa ikasahauliwa kwa makusudi. Hapo ndipo kwa bibi.

Bibi alipika pombe. Wapo ndugu zetu ambao mpaka leo wanapenda isemwe kwamba alikuwa mkulima. Ni kweli alilima. Lakini madaftari yangu, viatu vyangu na kaptula yangu ya khaki vilitoka kwenye chungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hilo shati umelifua au umelibembeleza tu?"

Kazi ilianza na mtama. Aliuloweka ndooni usiku kucha, akaumwaga kwenye gunia, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuweka mawe juu. Mimi nilipewa kazi ya kuunyunyizia maji, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Siku ya pili ukiingiza mkono ndani ya gunia unakutana na joto, na mara ya kwanza nilitoa mkono haraka nikidhani kuna kitu kinapumua mle. Siku ya tatu vijizizi vyeupe vilikuwa vimeshikana kiasi kwamba ukiinua konzi moja unainua na jirani zake wote. Kisha mtama ulianikwa juu ya jamvi, ukakauka, ukasagwa, ukawa kimea. Lamba unga wake: una utamu ambao mtama wenyewe haukuwa nao. Nilikuja kufundishwa kwamba mbegu ikichipua huamsha vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Bibi alisema mtama umelegea moyo.

Uji ulipikwa ndani ya pipa lililokatwa nusu, juu ya mafiga ya mawe makubwa, kwa kuni za mwarobaini zilizotoa moshi mchungu. Unga wa mahindi uliingia kwanza. Bibi alisimama upande ambao moshi hauji, na moshi ukamfuata, akahama, ukamfuata tena, akautukana. Uji ulipopoa mpaka kiasi cha kuvumilika kwa kiwiko, alitia kimea akakoroga. Kufikia jioni uji mzito ulikuwa umekuwa mwepesi na mtamu, na hilo ndilo togwa, na togwa lilikuwa letu sisi watoto. Tulikunywa kwa kata mpaka matumbo yakalia. Kesho yake lilikuwa limeshahama kwenda kwa wakubwa.

Kilichokuwa kikilihamisha kilikaa kwenye chungu. Chungu chenyewe kilikuwa kikubwa, kimefukiwa nusu ardhini pembeni ya jiko, mdomo wake umemeguka upande mmoja. Bibi hakukiosha kwa sabuni wala kwa majivu. Alikisuuza kwa maji baridi tu, na chini daima aliacha mashapo, tope la rangi ya chai ya maziwa, kiasi cha vikombe viwili. Mwiko wake mrefu nao haukuoshwa. Ulitundikwa juu ya moshi, na ukiuangalia kwa karibu ulikuwa na magamba meupe kwenye mistari ya mti. Siku moja dada yangu mkubwa, aliyekuwa akisoma sekondari ya bweni na amerudi likizo na somo la usafi kichwani, alikipeleka chungu kisimani. Bibi alimwahi njiani. Hakumpiga. Alikipokea chungu, akakirudisha shimoni mwake, akasema: "Ukikiosha kinasahau."

Usiku nilikisikia. Chumba chetu kilipakana na jiko, ukuta wa udongo na fito, na baada ya taa ya kibatari kuzimwa, malori yakiwa yamepungua, sauti ilianza: vipovu vinapanda, vinapasuka, vinapanda, mchakacho mdogo usiochoka. Wakati mwingine povu lilifika mdomoni likamwagika taratibu juu ya udongo, na siafu wakaja kufanya mkutano wao. Nililala kwa sauti ile. Nimelala hoteli nzuri tangu wakati huo na sijapata nyingine inayoishinda.

Wanywaji walianza kuja saa tisa alasiri, wa kwanza wakiwa wakata mkonge, maana wao huamka alfajiri na wakimaliza kazi yao wamemaliza. Waliketi kwenye magogo chini ya paa la makuti, viganja vimechanwachanwa na miiba, nguo zimekauka utomvu. Kilabu cha bibi kilikuwa na lahaja zote. Babu zao walikuja kama manamba kutoka Ubena, Uha, Makonde, Urundi, wakafa hapa, wakazaa hapa. Mashamba yalikuwa yametaifishwa mwaka 1967, bei ya singa duniani ilikuwa imeanguka, lakini mazungumzo pale yalikuwa juu ya mpira, juu ya nani kaoa, juu ya mzee mmoja aliyedai kuwa aliwahi kumwona chatu ameziba barabara ya Handeni mpaka gari la Leyland likageuza.

Watu hao walikuwa wamekuja na pombe zao pia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa Kibena aliyepika kwa chachu ya kwao. Ya kwake iliiva haraka, kali, inachoma ulimi. Ya bibi ilichelewa na ilikuwa na utamu mwishoni. Walikuwa mahasimu wa kibiashara na marafiki wa kweli, na ukitaka kujua urafiki wenyewe ulikuwa wa namna gani, ungoje siku chungu cha bibi "kilipolala". Kilikuwa kikilala, hasa wakati wa baridi ya Julai: uji umetiwa, usiku mzima kimya, asubuhi hakuna povu. Bibi alichukua kibuyu kidogo, akajitanda khanga yake mpya na kwenda nyumba ya tatu. Alirudi na mashapo ya Kibena. Akayamwaga juu ya yake, akakoroga, akafunika na kuweka sikio. Pombe ya mchanganyiko ule ilikuwa na sifa yake, wapo waliouliza kabisa, "Leo ni ile iliyooana?"

Shangazi, dada yake baba, aliishi ua huohuo na alikuwa na biashara yake nyingine: vitumbua. Aliamka saa tisa za usiku. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana, ukatwangwa, ukachanganywa na tui la nazi, iliki na hamira, ukaachwa uumuke karibu na jiko. Alfajiri, mabasi ya KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, yaliyolala safarini yalipofika njia panda, sinia lake lilikuwa kichwani, juu yake kitambaa cheupe, na mvuke ukitoka pembeni. Kitumbua cha shangazi kilikuwa na matundu ndani, na pembeni pamekauka pakawa pakavu panapovunjika menoni.

Kisha hamira ilipotea. Ilipotea pamoja na sabuni, sukari, mafuta ya taa na karibu kila kitu kilichouzwa dukani. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera. Kwenye duka la ushirika rafu zilibaki na majembe na kiberiti. Wauza vitumbua wengine waliacha, wengine wakauza vitumbua bapa, vizito, vya kukaba roho. Vya shangazi havikubadilika. Watu walishangaa. Wengine walinong'ona kwamba ana mtu wa magendo Horohoro anayemletea makopo kutoka Kenya.

Makopo hayakuwapo. Kila jioni aliinama juu ya chungu cha mamaye na kijiko cha mbao, akaengua povu la juu, lile jeupe zito la siku ya pili, akalitia kwenye bakuli la unga. Wazee wa pwani wanalijua jambo hili. Mkate wa kumimina uliumuliwa kwa tembo la mnazi kabla ya makopo ya hamira kufika madukani. Lakini miongoni mwa wateja wa shangazi walikuwamo mashehe waliotoka Tanga kwenda Korogwe, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa swala tano. Aliniambia moto unachoma kila kitu, kwa hiyo hakuna dhambi inayobaki ndani ya kitumbua, na kwamba nikisema popote ataninyima cha asubuhi. Sikusema. Sasa ninasema kwa sababu ameshatangulia mbele ya haki na wale mashehe, Mungu awarehemu, walivifurahia.

Masomo yalinipeleka Mlimani, Dar es Salaam, na miaka ya 1990 yakanivusha hadi Uingereza, kwenye maabara iliyochunguza jenetiki ya chachu. Nilifika wakati wa baridi. Asubuhi moja mtumishi wa jikoni (kila maabara ya vijidudu ina jiko lake la kupikia chakula chao) alifungua jiko la mvuke, na mvuke ukaenea korido nzima ukiwa na harufu ya kimea. Wao wanakitengeneza kwa shayiri, wanakikamua na kukikausha kuwa unga wa kahawia, lakini ni kilekile. Nilisimama pale nimeshika trei ya vioo. Mtumishi aliniuliza kama naumwa.

Mwalimu wangu alinikabidhi kichupa chenye lebo ya mwandiko wa kalamu: *Schizosaccharomyces pombe*. Wenzangu walilitamka jina la pili kwa namna ambayo ingemfanya bibi aweke kata chini. Jina lilitolewa mwaka 1893 na Paul Lindner, mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya uchachushaji, aliyeikuta chachu hiyo Berlin ndani ya mashapo ya pombe ya nafaka iliyosafirishwa kutoka Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini kwetu: miche 1,000 ilitoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika Pangani imebaki hai 62, na kutoka kwa hiyo 62 yakaja mashamba yote niliyoyaona nikiwa mtoto na harufu yake yote. Mmoja alileta, mwingine alipelekewa. Vitabu vinamtaja Hindorf na vinamtaja Lindner. Mwanamke aliyekoroga ile pombe, aliyekuwa na chungu chake na mwiko wake na bila shaka na maneno yake ya kuuambia moshi, amebaki nje ya vitabu, na sioni kwa nini nisiseme kwamba jambo hilo liliniudhi.

Haki isemwe, chachu iliyomo maabara nyingi leo haikutoka kwenye pombe ile. Ni ndugu yake, aliyepatikana kwenye maji ya zabibu huko Ulaya miaka ya 1920, na Mswisi Urs Leupold ndiye aliyeichagua mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuuchambua urithi wake. Murdoch Mitchison wa Edinburgh akaipenda kwa sababu nyingine: namna inavyokua. Chachu ya mkate huchipua kitoto pembeni. Hii ina umbo la kijiti, hurefuka nchani, ikifika kimo chake hujenga ukuta katikati na kujikata vipande viwili vilivyo sawa, kwa hiyo ukiipima urefu unajua imefika wapi katika maisha yake. Paul Nurse alijifunza kwa Leupold, akafanya kazi kwa Mitchison, akatafuta jeni inayoamua lini seli igawanyike. Mwaka 1987 ikaonekana kwamba jeni ya binadamu ikitiwa ndani ya chachu yenye kasoro kwenye jeni hiyo, chachu inaendelea kugawanyika bila wasiwasi. Nurse alipata Nobeli mwaka 2001, yeye na wenzake wawili. Mwaka uliofuata jenomu nzima ya chachu hiyo ilichapishwa: kromosomu 3, jeni zisizofika 5,000.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya kuunganisha. Chachu hii ina jinsia mbili, na zikiwa na chakula tele hazishughulikiani. Zipunguzie naitrojeni, uziweke juu ya sahani ya kimea, na zinaanza kutafutana. Kila moja hutoa kemikali inayoitambulisha. Nyingine ikiipata hupinda ncha kuelekea inakotoka. Ncha zinagusana, ukuta ulio kati yao unayeyuka, viini vinaingiana. Kinachozaliwa ni kifuko chenye mbegu 4 zimejipanga mstari, na chini ya hadubini huwezi kukitofautisha na ganda la kunde. Nilikuwa nikivipasua vifuko hivyo kwa sindano ya kioo, mbegu moja baada ya nyingine, dirisha limejaa theluji.

Lakini mtafiti hana subira ya kungoja ndoa halali. Anataka kuunganisha mbili za jinsia moja, ambazo zenyewe hazitagusana hata zife njaa, ili apate seli yenye seti mbili za kromosomu na aone jeni ipi imekaa kwenye kromosomu ipi. Hilo liliwezekana mwaka 1977, na waliolifanya walikuwa watu wa Hungaria, Matthias Sipiczki na Lajos Ferenczy. Njia yenyewe ni ya kuvua nguo. Ukuta wa chachu ni mgumu, wa sukari iliyosukwa, na lazima uliwe na kimeng'enya. Watafiti waliotangulia, mwaka 1957, walikitoa tumboni mwa konokono wa Ulaya. Niliposoma hivyo nilikumbuka masika ya Segera, konokono wakubwa wa ngumi ya mtu mzima wakipanda mihogo ya bibi usiku, na kopo la maziwa ambalo tulijaza hao viumbe na kulipwa senti tano kwa kopo. Bibi aliwachukia kuliko panya.

Ukuta ukishaliwa, kijiti kinakuwa duara, laini, utando mtupu. Ukiitia seli hiyo kwenye maji ya kawaida inavimba na kupasuka. Kwa hiyo unaihifadhi kwenye maji mazito ya sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, na kila hatua unaifanya taratibu, bila kutikisa, ukivuta pumzi nusu. Unachanganya aina mbili. Unaongeza polietilini glikoli na kalsiamu. Zinagandana, tando zinashikana, mahali fulani tando mbili zinakuwa moja, na kilichokuwa ndani ya huyu na kilichokuwa ndani ya yule vinakutana. Kisha unazimwaga kwenye sahani na kuziachia zijenge ukuta upya.

Utajuaje zilizoungana? Unachagua aina zenye upungufu tofauti. Moja haiwezi kujitengenezea leusini. Nyingine haiwezi kujitengenezea adenini, na ikipewa adenini kidogo tu, makundi yake huota mekundu, wekundu wa waridi uliokolea. Ukiziweka kwenye sahani isiyo na leusini wala adenini, kila moja peke yake inakufa. Zilizoungana zinakamilishana, zinaota, na zinaota nyeupe. Unaingia asubuhi, unafungua kabati la joto, unainua sahani kuelekea kwenye taa, na pale kwenye eneo tupu kuna nukta nyeupe chache. Sahani nyingi zilikuwa tupu kabisa. Siku ya nukta nilikuwa nikienda kununua chipsi.

Nilirudi Segera likizo moja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Njia panda ilikuwa imebadilika, hoteli za abiria zimejengwa, vijana wanauza maji ya chupa, lami imezibwa mashimo. Korona nyingi za jirani zilikuwa zimenyamaza. Ila kinjia kilikuwepo, na mwembe, na bibi juu ya kigoda chake, mdogo zaidi, macho yameingia mtoto wa jicho.

"Mume wangu amerudi na kitambi cha Wazungu," alisema baada ya kunipapasa.

Alitaka kujua ninasoma nini. Nilijaribu. Nilimwambia kwamba tope lililobaki chini ya chungu lina uhai, ni viumbe vidogo sana visivyoonekana. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayeelezwa kwamba jua huchomoza asubuhi. Nilimwambia vina jinsia, na vinaoana.

"Ndiyo, si nilikuwa nakwambia vimeoana?"

Nilieleza kwamba yake na ya yule mama wa Kibena huenda zilikaa tu pamoja ndani ya chungu kimoja, kila moja na kazi yake, kwamba kuoana kwenyewe ni jambo jingine, na kwamba hivi tunavyovichunguza vikishiba havioani kamwe, mpaka vishikwe na njaa.

Hilo lilimkalisha kimya kidogo. "Basi ni kinyume cha watu," alisema. "Sisi ndoa zote ni baada ya mavuno."

Nilifika kwenye sehemu ya kuvua ukuta na konokono. Hapo alicheka mpaka akakohoa, akamwita shangazi aje asikie kwamba wale wadudu waliokuwa wakimaliza mihogo wamepata kazi Ulaya. Shangazi alikuja na sinia la vitumbua, vya hamira ya paketi sasa, akasikiliza, akauliza swali ambalo profesa wangu hakuwahi kuniuliza: zikishaungana hizo mbili, pombe yake inakuwaje?

Nilisema hatupiki pombe. Tunahesabu, tunachora, tunaandika.

"Hamwonji?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi."

Alinyamaza kwa heshima. Kisha akaniambia nisubiri, akaenda jikoni kwa kufuata ukuta na mkono, nikamsikia akikwangua. Alirudi na chupa ya soda iliyojaa mashapo hadi shingoni, imezibwa kwa kigunzi cha hindi kilichofungwa uzi wa mkonge. Kama wenzangu hawaonji, alisema, ni kwa sababu hawajapata ya maana. Nikaichunguze hiyo.

Niliiweka kwenye begi, katikati ya mashati, nikapanda basi la saa nne. Ilikuwa siku ya joto na begi lilikaa dirishani. Tulipopita Mkata nilisikia kitu kikipanda ndani ya begi, sauti niliyoijua vizuri, na kabla sijalifikia, kigunzi kilipiga dari ya basi na povu likamwagikia mashati yangu, kiti, na bega la mama aliyekaa mbele. Konda alikuja mbio. Mama alisimama akilaani. Harufu ilijaza basi zima, ya mtama, moshi na mwiko usiooshwa, na mazungumzo yote yakakoma.

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma, kofia ya kiua kichwani, fimbo kati ya magoti, ndiye aliyesema kwanza.

"Hiyo ni ya mtama."

"Ndiyo, babu."

"Na mahindi kidogo. Ya wapi?"

"Segera. Ya bibi yangu."

Alinyoosha mkono, akaipokea chupa, akaitikisa sikioni. "Imebaki," alisema.

Nilimweleza kwamba ni mashapo, hayanyweki, ninayapeleka maabara kuchunguzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja. Kabla hatujafika Wami ilikuwa tupu, na aliponirudishia aliniuliza bibi anapika siku gani.